Mpango huo, sheria ipi?

Kuna maswali ya bungeni yasiyopigiwa makofi. Ukisoma Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, utayatambua: hayafuatwi na mabano yenye neno "Makofi" wala "Kicheko", na mara nyingi yanakatwa na yale mabano mengine yanayosema kengele imelia kuashiria kwisha kwa muda wa mzungumzaji. Mheshimiwa anakaa. Anayefuata anaunga mkono hoja asilimia mia moja, anaomba barabara ya jimboni kwake iwekwe lami, na ukumbi unachangamka upya.

Swali moja la aina hiyo limenikaa kichwani kwa karibu miaka kumi. Mwanzoni mwa 2016, Bunge la 11 likiwa na miezi michache tu tangu lizinduliwe, Serikali ilikuwa inauandaa Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano. Waziri wa Fedha na Mipango alikuwa Dk. Philip Mpango. (Ndiyo, Waziri wa Mipango aliitwa Mpango, na kabla ya hapo alikuwa Katibu Mtendaji wa Tume ya Mipango. Nchi hii haiishiwi vituko.) Upande wa pili Zitto Kabwe, wakati huo Mbunge wa Kigoma Mjini kwa tiketi ya ACT-Wazalendo, alihoji jambo ambalo wengi waliliona la kiutaratibu tu: Katiba inataka Mpango uwe na sheria ya kuusimamia. Sheria hiyo iko wapi?

Aliegemea Ibara ya 63(3)(c). Inalipa Bunge kazi ya "kujadili na kuidhinisha mpango wowote wa muda mrefu au wa muda mfupi unaokusudiwa kutekelezwa katika Jamhuri ya Muungano na kutunga sheria ya kusimamia utekelezaji wa mpango huo."

Isome taratibu. Kazi ni mbili. Ya kwanza, kujadili na kuidhinisha, Bunge limekuwa likiifanya, tena kwa mbwembwe: linakaa kama Kamati ya Mipango, siku zinatengwa, wabunge wanachangia kwa zamu. Ya pili, kutunga sheria, imerukwa kwa Mpango wa Kwanza wa 2011/12 hadi 2015/16, kwa wa Pili, na kwa wa Tatu uliokuja baada yake.

Sasa angalia neno la mwisho la ile aya. Wale tuliokalia madawati ya sarufi tunakumbuka kwamba "huo" halionyeshi kitu kilicho mbele ya macho kama "huu", wala kilicho mbali kama "ule". "Huo" hurejea kitu kilichokwisha tajwa. Kwa hiyo "mpango huo" ni ule ule uliojadiliwa na kuidhinishwa mistari miwili nyuma. Aya haizungumzii masuala ya mipango kwa ujumla, wala chombo cha kupanga. Inasema: mmeupitisha mpango, basi utungieni mpango huo sheria yake. Silabi mbili, na zimebeba hoja nzima.

Upande wa Serikali nao una neno lake, na si dogo. Fasili ndogo ya (3) inaanza hivi: "Kwa madhumuni ya utekelezaji wa madaraka yake Bunge laweza". Mwanasheria yeyote wa Serikali atakwambia kwamba "laweza" si "lazima". Bunge limepewa ruhusa, halikupewa amri, na mwenye ruhusa asipoitumia hajavunja Katiba.

Hoja hiyo ina nguvu na nadhani ndiyo sababu Zitto hakushinda. Lakini ifuate mpaka mwisho uone inakokupeleka. Kitenzi hicho hicho, "laweza", ndicho kinachotawala aya zote za fasili ile: kumwuliza waziri maswali, kujadili utekelezaji wa kila wizara wakati wa bajeti, kuridhia mikataba ya kimataifa. Kama "laweza" maana yake ni kufanya ukipenda, basi siku Bunge likiamka na kuamua kwamba mawaziri hawataulizwa maswali mwaka mzima, litakuwa halijakosea kitu. Hakuna anayeisoma Katiba namna hiyo. Tunaisoma hivyo kwenye aya ya (c) peke yake, kwa sababu aya ya (c) ndiyo inayobana.

Zaidi ya hapo, hata tukikubali kwamba ni hiari, hiari hiyo ni ya nani? Si ya Waziri wa Fedha. Si ya Mwanasheria Mkuu. Katiba inasema Bunge laweza. Yaani kila baada ya miaka mitano Bunge letu linakabidhiwa panga, na kila baada ya miaka mitano linaliegesha ukutani. Lawama tuliyozoea kuibwaga kwa Serikali ina mwenye nayo karibu zaidi.

Kuna watakaosema tofauti ya hoja na sheria ni maneno ya wanasheria. Hebu tuone. Hoja ya Serikali ikipitishwa bungeni, safari yake inaishia ukumbini: walioafiki wamesema ndiyo, imekubaliwa. Muswada una njia ndefu. Unachapishwa kwenye Gazeti la Serikali, unasomwa mara ya kwanza, unapelekwa kwenye kamati, wadau wanaitwa kutoa maoni, unarudi kusomwa mara ya pili, unapitiwa kifungu kwa kifungu, unakwenda kwa Rais kutiwa saini. Ukishatoka huko, kuuacha ni kuvunja sheria, na kuubadili kunahitaji muswada mwingine. Hoja unaweza kuiacha ikafa kifo cha kawaida na hakuna atakayekuja msibani.

Na vilivyokufa ni vingi. Mpango wa Pili ulipangwa kugharimu shilingi trilioni 107 kwa miaka mitano: trilioni 59 kutoka serikalini na trilioni 48 kutoka sekta binafsi. Gawa 59 kwa tano unapata 11.8. Bajeti ya mwaka wa kwanza, 2016/17, ilikuwa trilioni 29.5, na humo fedha za maendeleo zilitengwa trilioni 11.8, asilimia 40 ya bajeti yote. Kwenye karatasi, Mpango na bajeti vilikaa kama pete na kidole. Lakini kutengwa si kutolewa. Aliyewahi kukaa kwenye kikao cha halmashauri anajua kilio cha "fedha hazijashuka". Zisiposhuka, ni kifungu gani kinamtaka nani aje bungeni aeleze Mpango umeathirikaje? Na zile trilioni 48 za sekta binafsi, nani aliziahidi? Huwezi kumshtaki mwekezaji kwa kutokuja. Angalau, hata hivyo, ungeweza kumlazimisha Waziri aseme kila mwaka ngapi zimekuja, tukaacha kuziandika tena. Mpango wa Tatu uliandikwa kwa trilioni 114.8, na sekta binafsi ikapangiwa 40.6. Imepungua, ndiyo, lakini sijaona hesabu iliyoanza kwa kusema zile za awali ziliishia wapi.

Tuache trilioni, ambazo akili ya mtu wa kawaida haizishiki vizuri, tuende Bagamoyo.

Makubaliano ya awali ya bandari yalisainiwa Machi 2013, Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam. Oman ikaingia kama mbia wa tatu. Oktoba 2015, wiki chache kabla ya kuondoka madarakani, Rais Kikwete akaweka jiwe la msingi. Mpango wa Pili ukaitaja Kanda Maalum ya Kiuchumi ya Bagamoyo miongoni mwa miradi yake ya kielelezo, na Bunge likaupitisha Mpango ule. Kisha Juni 2019 Rais Magufuli akawaeleza wafanyabiashara Ikulu kwamba masharti ya wawekezaji hayakubaliki: ardhi kwa miaka 99, dhamana ya miaka 33, na mengine. Mradi ukasimama. Juni 2021 Rais Samia akasema mazungumzo yanafufuliwa.

Sisemi Magufuli alikosea. Kama masharti yalikuwa hivyo alivyoyasema, huenda alituokoa. Sisemi pia Rais Samia alikosea kuyarudia mazungumzo. Ninachosema ni kwamba mradi wa kielelezo uliwekewa jiwe, ukaingizwa kwenye Mpango, ukawekwa kapuni na ukatolewa kapuni, na kwenye kutoka na kurudi kwake Bunge lililokuwa limeuidhinisha lilipata habari kama wewe na mimi, kwenye taarifa ya saa mbili usiku. Hakuna aliyelazimika kurudi Dodoma na kusema: Mheshimiwa Spika, kile mlichokiidhinisha ukurasa fulani tunakiondoa, na sababu ni hizi. Kungekuwa na sheria ya Mpango, angelazimika. Tungeyaona masharti yale ya miaka 99 yakiwa mezani, tukajadili kama ni kweli na nani aliyakubali mwanzo.

Hali ya Liganga na Mchuchuma ni nyingine, na mimi naiona mbaya zaidi, kwa sababu hakuna aliyeifuta. Chuma kiko Mundindi, makaa ya mawe yako Nkomang'ombe, wilayani Ludewa. Shirika la Maendeleo la Taifa lilisaini na kampuni ya Sichuan Hongda mwaka 2011, mradi wa dola bilioni 3. Ukaingia Mpango wa Kwanza. Ukaingia wa Pili. Ukaingia wa Tatu. Wananchi walifanyiwa tathmini ya mashamba yao, wakaambiwa wasubiri fidia, na kusubiri kwenyewe kukaendelea mpaka 2023 malipo yalipoanza. Fikiria mtu aliyehesabiwa miti yake ya matunda akiwa na mtoto wa darasa la kwanza; fidia inakuja mtoto yuko sekondari. Mpango wa Tatu umefika ukingoni na tanuru la chuma halijawashwa Liganga. Mradi wenyewe haukosi kwenye mpango wowote. Umekuwa kama yule mgeni rasmi ambaye jina lake liko kwenye kila kadi ya mwaliko.

Kwa upande mwingine kuna mambo makubwa yaliyoingia kupitia dirishani. Julai 2016, Bunge likiwa limemaliza bajeti mwezi mmoja tu nyuma, Rais Magufuli alitangaza akiwa Dodoma kwamba Serikali inahamia huko. Uamuzi wenyewe ni wa TANU, wa 1973. Hakuna mzalendo aliyekuwa na sababu ya kuupinga. Mawaziri wakahama, makatibu wakuu wakahama, kodi za nyumba Area D zikapaa. Sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa Makao Makuu ikaja 2018. Gari lilikwishafika, sheria ikaja nyuma ikikimbia kwa miguu. Nalitaja hili kwa sababu lina faida kwa hoja yangu: linaonyesha kwamba jambo la kimpango linaweza kutungiwa sheria fupi, ikapita bila mbingu kuanguka. Kumbe inawezekana.

Serikali ina majibu yake, na haki ni kuyasikiliza.

La kwanza, tunayo Sheria ya Bajeti ya 2015, na tangu 2023 tunayo Sheria ya Tume ya Mipango iliyoirudisha Tume Ofisi ya Rais baada ya kumezwa na Wizara ya Fedha enzi za Magufuli. Ni kweli, na Tume ilistahili kurudi. (Aliyepewa Wizara ya Mipango na Uwekezaji mwaka huo ni Profesa Kitila Mkumbo, aliyefukuzwa Chadema katika misukosuko ile ile ya Zitto na kisha kuwa mmoja wa waasisi wa ACT. Siasa zetu ni daladala, abiria hushuka kituo chochote.) Lakini Sheria ya Bajeti inasimamia fedha, na kwa mwaka. Sheria ya Tume inasema nani atapanga na kwa utaratibu gani. Hakuna kati ya hizo inayosimamia utekelezaji wa mpango huo. Tunarudi kwenye "huo".

Jibu la pili ni zito kidogo: mpango ukifungwa kwenye sheria utakuwa mgumu kama mti mkavu. Korona ilikuja 2020, vita vya Ukraine vikaja 2022 bei ya mafuta ikaruka. Serikali inahitaji nafasi ya kupinda. Nakubali inahitaji. Ila Serikali hii hii kila Juni inapitisha Sheria ya Matumizi na Sheria ya Fedha, na mwaka unaofuata inazibadili. Mwaka 2017 ilipoamua kwamba sheria za madini na rasilimali zibadilike, miswada ililetwa kwa hati ya dharura ikapita ndani ya siku chache. Serikali yenye wabunge wengi namna ile haijawahi kushindwa kubadili sheria inapotaka. Kinachokwepwa ni kule kuja kueleza kwa nini inabadili.

Majirani zetu Wakenya, ambao hatupendi kuwaiga na wao hawapendi kuigwa nasi, waliliweka hili ngazi ya kaunti. Sheria yao ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 104, inasema kaunti itapanga, na hakuna fedha ya umma itakayotengwa nje ya mfumo wa mipango. Je, magavana wamekuwa malaika? Hata kidogo. Lakini mjumbe wa bunge la kaunti akiona mradi ulioibuka kutoka hewani ana mahali pa kushika. Anakwenda na kifungu mkononi. Mbunge wetu anakwenda na masikitiko.

Hapa naomba nitoke kidogo nje ya ukumbi. Aliyepita Barabara ya Morogoro mwaka 2017 atakumbuka Kimara. Nyumba zenye alama ya X nyekundu ukutani, kisha nyumba zisizo na kuta za kuwekewa X. Kuanzia Kimara hadi Kiluvya hifadhi ya barabara ilihesabiwa mita 121.5 kila upande kutoka katikati ya barabara, kwa sheria yenye mizizi kwenye enzi za mkoloni, na wakazi walioishi hapo miaka mingi, wengine wakiwa na mita za umeme na namba za kulipia kodi ya jengo, waliambiwa sheria ni sheria. Watu walitoa milango na mabati wenyewe ili wasiyakose. Sitaki kuingia kwenye ubishi wa nani alikuwa sahihi. Nachotaka uone ni hiki: Mtanzania akitoka nje ya mpango wa Serikali, hata kwa mita moja, kuna kifungu, kuna rangi nyekundu na kuna tingatinga. Serikali ikitoka nje ya mpango wake yenyewe, hakuna hata karatasi ya kujaza.

Kwa nini basi swali hili halikufika popote? Ingekuwa rahisi kumalizia kwa kusema ni wengi wape, Spika alifanya hivi, matangazo ya moja kwa moja yalizimwa. Hayo ni kweli, yana uzito wake, na yameandikwa sana. Mimi nataka kuwagusa wapinzani wenyewe.

Upinzani wa Tanzania ulikua kwa kashfa. Zitto huyu huyu alijulikana nchi nzima Agosti 2007, aliposimamishwa ubunge kwa hoja yake kuhusu mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi uliosainiwa London. Hoja ile ilizaa matunda: Rais Kikwete akaunda Kamati ya Jaji Mark Bomani na kumweka Zitto mwenyewe ndani yake, na baadaye ikaja Sheria ya Madini ya 2010. Novemba 2014, akiwa Mwenyekiti wa PAC, Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, alisimamia taarifa ya sakata la akaunti ya Tegeta Escrow. Aprili 2018 akahoji shilingi trilioni 1.5 kutoka kwenye ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Serikali ikatoa maelezo yake, lakini hadi leo ukimtajia dereva wa bodaboda "moja nukta tano" anajua unazungumzia nini.

Kashfa ina mwizi, au anayedhaniwa mwizi. Ina kiasi, ina tarehe, ina sura ya kuweka kwenye ukurasa wa mbele. Aya ya (c) haina mwizi. Huwezi kuipeleka Jangwani ukaipigia "People's!" ikaitikiwa "Power!" Kwa hiyo hata aliyeiibua hakuibeba kama alivyobeba Buzwagi. Aliuliza, kengele ikalia, na yeye akaenda kwenye mambo yenye moto.

Kisha ikaja Mei na Juni 2016. Kambi ya Upinzani ilisusia vikao vilivyoongozwa na Naibu Spika Dk. Tulia Ackson, ugomvi ukianzia kwenye hoja ya wanafunzi waliorudishwa nyumbani kutoka Chuo Kikuu cha Dodoma. Walikuwa wanaingia, dua ikisomwa, wanatoka. Siku nyingine wametoka na karatasi midomoni. Picha zilikuwa nzuri. Bajeti iliyokuwa inajadiliwa ndani wakati wao wako nje ilikuwa ya mwaka wa kwanza wa Mpango wa Pili, ile yenye trilioni 11.8. Ndiyo mahali pa kwanza ambapo mtu angesimama na kuuliza, kifungu kwa kifungu, kama bajeti inaufuata Mpango. Viti vilikuwa vitupu. Naielewa hasira yao. Nilikuwa upande wao. Bado nadhani lilikuwa kosa la bei kubwa kuliko walivyodhani siku zile.

Kosa la pili nalilaumu zaidi, kwa sababu halikuhitaji ruhusa ya mtu. Mbunge anaweza kuleta muswada binafsi. Ibara ya 99 inamzuia kwenye mambo ya kodi na ya kuchota Mfuko Mkuu, ambayo ni lazima yaletwe na waziri. Lakini sheria ya kusimamia utekelezaji wa Mpango si lazima imguse mtu mfukoni. Ingeweza kuwa na vifungu kumi. Miradi ya kielelezo iorodheshwe kwenye jedwali. Kuondoa au kuongeza mradi kwenye jedwali kuhitaji azimio la Bunge, na maelezo ya maandishi. Waziri alete kila mwaka taarifa ya mradi mmoja mmoja, si ile ya "utekelezaji unaendelea vizuri". Mpango ukiisha, mpya usiwasilishwe kabla tathmini ya uliopita haijawekwa mezani. Hakuna shilingi iliyotozwa hapo. Kambi ile ilikuwa na wanasheria wa kutosha. Tundu Lissu, Mnadhimu wao, angeuandika kwa wiki moja. Muswada ungeangushwa, bila shaka. Lakini ungeangushwa ukiwa umechapwa na wenye majina walioupinga wakiwa kwenye Hansard. Leo tungekuwa na kitu cha kukifufua. Tulicho nacho ni kumbukumbu ya swali.

Mahakamani nako njia ilibanwa. Ibara ya 26(2) inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba, lakini marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yalimtaka mlalamikaji aonyeshe kwa kiapo namna yeye binafsi alivyoathirika. Mkazi wa Nkomang'ombe aliyesubiri fidia angeweza kujaribu. Sisi wengine tungeambiwa jambo la Mpango halijatugusa binafsi, jambo ambalo, ukilifikiria, ni la ajabu kusemwa kuhusu mpango wa taifa.

Mambo haya yamerudi kunisumbua kwa sababu ya kalenda. Juni 2025 Bunge la 12 liliidhinisha Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, na Julai 17 ikazinduliwa Dodoma, ikilenga uchumi wa dola trilioni 1. Dira hiyo imepangwa kutembea kwa mipango mitano ya miaka mitano mitano, na wa kwanza wake unaanzia mwaka wa fedha 2026/27. Utajadiliwa na Bunge la 13, lenye wapinzani wachache kuliko idadi inayojaza basi dogo. Baadhi ya waliokuwa wakiuliza wako nje ya Bunge, na Lissu, tangu Aprili 2025, yuko mbele ya mahakama kwa kesi ya uhaini. ACT walijaribu baada ya 2020 kuunda Baraza Kivuli la Mawaziri nje ya ukumbi, likiongozwa na Dorothy Semu, na lilitoa uchambuzi wa bajeti uliokuwa bora kuliko michango mingi ya ndani. Lakini aya ya (c) inasema "Bunge laweza". Baraza lililo nje ya Bunge haliwezi.

Hata hivyo, hakuna mahali Katiba iliposema muswada binafsi uletwe na mpinzani. Mbunge wa CCM kutoka Ludewa ana sababu zote za kuutaka.

Siku Mpango huo utakapopelekwa bungeni, wengi watautafuta mtandaoni wasome takwimu na miradi. Mimi nitaanza na karatasi nyingine, ile Orodha ya Shughuli za siku hiyo, nione mbele ya jina la Waziri pameandikwa hoja au muswada.